Kalamu Ile Si Yake

Krismasi ikikaribia, Kampala inahama. Nsenene, wale panzi wa kukaanga, wakianza kuadimika sokoni, watu huacha kujuliana hali na kuanza kuulizana, "Mnaenda kyalo lini?" Kyalo ni kijijini kwenu, na swali lenyewe halina nafasi ya mtu asiye na kijiji. Nilipokuwa mtoto nilijibu, "Bado." Halikuwa uongo, halikuwa kweli. Mpaka leo nikiulizwa jambo gumu hujibu hivyo hivyo.

Tulikaa Bukoto, chini kidogo ya maghorofa, kwenye mstari wa vyumba vya kupanga vyenye paa moja refu la mabati na ua mmoja wa kuanikia nguo. Mkesha wa Krismasi ua ule ulinyamaza. Majirani waliondoka na mikate na sukari, na watoto wao, hata wale niliogombana nao jana yake, walinipungia mikono kwa huruma, viatu vipya miguuni. Kila mlango ulibaki na kufuli. Nilipita nikiyagusa makufuli yale, yamepata moto kwa jua, na nilijua kwamba nikimwita mtu yeyote kwenye ua ule hakuna atakayeitika.

Milango miwili tu haikuwa na kufuli. Mmoja ulikuwa wetu. Mama yangu alitoka upande wa Kenya, ng'ambo ya Busia, akafuata biashara ya vitunguu mpaka soko la Kalerwe. Baba simjui vya kutosha kumwandika. Na mkesha wa Krismasi ndiyo siku ambayo Kalerwe hakuna anayekunja turubai, maana nchi nzima inapika na hakuna apikaye bila kitunguu. Mama aliondoka kabla sijaamka, akarudi hana sauti. Krismasi yenyewe aliilala. Alilala kama mtu aliyepigwa, mikono inanuka vitunguu, nami nilikatazwa kufungua redio.

Mlango wa pili ulikuwa wa mama mzee tuliyemwita Haboba, ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Baba yake alikuwa askari, mjukuu wa wale askari ambao wakoloni waliwaleta kutoka Sudani. Mama yake alikuwa Mganda, na ulimi aliurithi kwa mama. Haboba alikuwa Mwislamu, Krismasi haikumhusu, na kijiji hakuwa nacho.

"Kyalo yangu ni kambi," alisema, huku akisuka makawa yake ya ukindu, yale ya rangi kali ya kufunikia chakula. "Na kambi irivunjwa. Sasa niende wapi, nikasalimie nani? Ukuta?"

Kwake ndiko nilikoachwa. Tulielewana kwa Kiswahili, lugha ambayo mtaani nilikatazwa kuipigia kelele. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu walikumbuka kwamba askari waliowavunjia milango walizungumza Kiswahili, na mama aliniambia nikiwa njiani nipunguze sauti. Katika chumba cha Haboba nilizungumza nilivyotaka. Nafikiri ndiyo sababu mambo yaliyosemwa mle yaliniingia kuliko ya shuleni.

Tulikuwa na kitabu kimoja. Kilikuwa kitabu cha mama cha kusomea Kiswahili alipokuwa shule ya msingi, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Mkesha wa Krismasi Haboba alinyoosha mkono. "Leta kitabu yako ire ya kulia." Hakumaanisha kwamba kitabu kinalia. Alimaanisha kwamba sisi tutalia.

Hadithi ilikuwa moja tu kati ya nyingi, lakini ya Krismasi ilikuwa hiyo. Ni hadithi ya nchi ya theluji. Katika kijiji cha milimani kuna nyumba kubwa, na kila mkesha wa Krismasi watu wote hukusanyika humo. Mwaka mmoja anafika mtoto yatima, mgeni, hakuna anayemjua. Anasikia vicheko na vijiko. Anasimama nje ya mlango, anangoja. Theluji inaanguka. Ndani kuna kiti kitupu, nacho kitabu hakisemi ni cha nani. Asubuhi mwenye nyumba anafungua mlango ili afagie kizingiti, na anamkuta.

"Theluji ni nini?" niliuliza mwaka wa kwanza.

Haboba hakuwahi kuiona. Alifikiri. "Ni mvua iriyokufa," akasema. "Inashuka porepore kama inazikwa."

"Na kwa nini hakupiga hodi?"

"Hodi ni ya Waswahiri. Huko kwa Wazungu mtu anasimama tu, mpaka wamuone kwa dirisha."

Kisha akaendelea kusoma, kidole kikifuata mstari, na akafika pale ambapo sauti yake ilishuka kila mwaka: "Mtoto hakuingia, kwani alidhani kalamu ire si yake."

Hapo nililia. Akanifuta kwa pindo la leso yake, naye akajifuta, tukachukua chai.

Naomba msomaji aniwie radhi nieleze nilivyoielewa sentensi ile, kwa sababu niliielewa vizuri sana. Kalamu nilikuwa naijua. Kwa Kiganda ni hiyo hiyo, ekkalaamu, na shuleni asiye na kalamu alisimamishwa nje. Kwa hiyo niliona wazi kwamba mlangoni pa nyumba ile kubwa ameketi mtu mwenye kalamu, anaandika majina ya wanaoingia. Haboba aliposoma "kalamu irianza jua lilipozama," niliona wino ukichovywa. Na mtoto yule mgeni alisimama nje kwa sababu alijua jina lake haliwezi kuandikwa na kalamu ya watu wengine. Sikumlaumu. Niliona amefanya jambo la adabu. Nililia kwa sababu mtu mwenye adabu kama ile alikufa kwa baridi.

Sikuuliza. Unauliza usichokielewa.

Nikakua hivyo. Mwalimu akiita majina asubuhi, nilisikiliza jina langu kama anayesikiliza hukumu, na likishaitwa nilipumua. Sikuwahi kwenda kwenye sherehe ya mtu bila kadi. Nikiwa chuo kikuu, msichana niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa anamtambulisha mchumba kwa wazazi, sherehe ambayo Kampala hata mpita njia hula.

"Unavaa nini Jumamosi?" akaniuliza.

"Sijapata kadi."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa. "Kadi ya nini? Wewe unalala mita moja na kichwa changu! Banange, njooni mwone, huyu anataka kadi!"

Walicheka chumba kizima, na nilicheka nao. Jumamosi nilijifanya naumwa tumbo. Nilibaki kitandani nikijiuliza kama alisema "unavaa nini" kwa sababu ananitaka, au kwa sababu alishaniona nikipiga pasi na akaona aibu kunyamaza.

Nilisomea takwimu, elimu ya kuhesabu yale ambayo huenda yakatokea. Kwa mtu wa akili yangu ni kama kumpa mlevi kazi ya kulinda ghala la pombe. Nilipomaliza, mama alikuwa amesharudi Kenya kumwuguza bibi yangu. Nilibaki peke yangu katika chumba kile kile cha Bukoto, na nikaanza kungoja simu. Ofisi moja ilikuwa imenihoji, na mwanamke aliyenisindikiza mlangoni alisema, "Tutakupigia." Niliigeuza kauli ile pande zote. Hakusema "tukikuchagua tutakupigia". Wala hakusema lini. Lakini alitabasamu, ila watu hutabasamu pia wanapofunga mlango.

Haboba naye alikuwa ameshahama. Macho yalianza kumfifia, na binti yake akamchukua kwake Namuwongo, karibu na reli. Siku ya kuhama niliwasaidia kubeba makawa. Binti yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvunja kikombe, aliniambia kutoka juu ya gari la mizigo, "Utakuwa unakuja."

Basi hiyo ndiyo kauli iliyoniweka Bukoto. Utakuwa unakuja. Ilikuwa amri, utabiri, au kuaga? Angesema "njoo", ningekwenda. Angesema "njoo Ijumaa", ningefika Alhamisi nikasubiri nje. Lakini "utakuwa unakuja" ni maneno ambayo mtu huyasema ili gari liondoke. Kadiri nilivyokawia ndivyo nilivyohitaji sababu kubwa zaidi ya kwenda, na sababu kubwa haikuja. Katika mji huu wote Haboba ndiye mtu pekee aliyenijua nikiwa mdogo, na nilikuwa naelekea kumpoteza kwa ajili ya sarufi.

Krismasi hiyo ninayoisimulia, ua wa Bukoto ulinyamaza kama kawaida yake. Makufuli yalikuwa yale yale, watoto wengine. Mlango usio na kufuli sasa ulikuwa mmoja. Asubuhi mama akapiga simu.

"Leo unakula wapi?"

"Bado."

"Bado ni wapi? Bado ni mtaa?"

Nikachukua ufagio.

"Haboba yuko hai?"

"Nadhani."

"Unadhani! Mtu aliyekufuta kamasi! Kwa nini hujaenda?"

"Hajanialika, mama."

Nikasikia kuku wa kwao wakipiga kelele nyuma yake, na bibi akikohoa. Kisha mama akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nilikuja Kampala na gunia la vitunguu. Nani alinialika?" Salio likaisha, au yeye alikata. Hilo nalo niliwaza.

Nilifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Nikavuta sanduku la mama kutoka chini ya kitanda nikafagia na pale lilipokuwa. Kitabu kilikuwa ndani, chini ya blanketi. Sikuwahi kukisoma mwenyewe. Nilipojua kusoma kilikuwa tayari ni cha Haboba, na ingekuwa kama kujiimbia mwenyewe bembelezo. Lakini ilikuwa Krismasi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kunisomea. Nikakaa juu ya sanduku nikafungua.

Nilikuta theluji, nikakuta vijiko. Kisha nikakuta: "Karamu ilianza jua lilipozama."

Nikafikiri ni kosa la mpiga chapa. Nikaendelea. Karamu, tena karamu. Kisha ile sentensi yenyewe, ya mahali pa kulia: "Mtoto hakuingia, kwani alidhani karamu ile si yake."

Nikampigia mama kwa salio langu la mwisho.

"Mama, karamu ni nini?"

"Karamu ni karamu. Watu kula pamoja. Kwani kuna nini huko?"

"Hakuna."

"Hakuna hiyo ndiyo naiogopa," akasema.

Nyumbani tulisema sherehe, tulisema sikukuu. Neno hilo halikuwahi kupita mlangoni kwetu isipokuwa mdomoni mwa Haboba, na ulimi wa Haboba, kama ulimi wa Waganda wengi, ulilipindua. Hakukuwa na mtu mlangoni pa nyumba ile kubwa. Hakukuwa na wino. Palikuwa na chakula tu, na watu wanaokula, na kiti. Yule mwenye kalamu nilimweka mimi, nikamlisha, nikamkuza, nikamhamisha kutoka nyumba ile ya milimani mpaka kwenye kila mlango niliowahi kuusimamia. Na mtoto wa hadithi hakuwa na adabu yoyote ya pekee. Alikuwa anaogopa tu.

Nilitamani kumwambia mtu. Nilipotazama uani, palikuwa na kamba za nguo, hazina nguo.

Mtu haendi kumtembelea mzee mikono mitupu. Maduka yalikuwa yamefungwa, na nilichokuwa nacho ni vitunguu. Nikavitia kwenye mfuko, nikabana kitabu kwapani, nikapanda pikipiki. Dereva alikuwa kijana amelala juu ya tangi, kofia usoni.

"Nyabo, hata wewe hukuenda kyalo?" akauliza.

"Bado," nikasema.

"Bado? Krismasi si ndiyo leo! Utaenda lini, Pasaka?" Akacheka mwenyewe mpaka tukafika barabara kuu, nayo ilikuwa tupu kiasi kwamba taa zilibadilika rangi bila gari hata moja.

Namuwongo haikuwa imehama. Huko wanakaa wengi wasio na pa kwenda. Nikauliza mama msukaji wa makawa anakaa wapi, nikaelekezwa nyuma ya kibanda cha mkaa, upande wa reli. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo. Ndani nikasikia vijiko.

Nikasimama.

Najua jinsi inavyosikika, lakini nilisimama. Jua lilikuwa la adhuhuri, jasho linanishuka mgongoni, na nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hilo hilo, na bado nilisimama. Niliwaza: hawa ni Waislamu, nimekuja siku isiyo yao, watasema nimekuja kula. Ningesubiri wamalize. Wakimaliza wataona nimesubiri wamalize. Ningeacha vitunguu mlangoni. Watasema ni uchawi. Treni ya mizigo ikapita nyuma yangu pole pole, behewa baada ya behewa, na nikashukuru kwamba kuna sababu ya kutosema kitu. Kisha treni ikaisha.

"Nani amesimama kwa mlango?" ikauliza sauti niliyoijua. "Ametuzibia mwanga."

"Hodi," nikasema. Ilitoka ndogo, kama ya mtoto.

"Sasa unapiga hodi na kivuli kimeingia zamani! Kalibu."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekuwa mdogo, macho yana ukungu. Binti yake alikuwa anagawa kuku. Alinitazama, akatazama vitunguu, akasema kwa ile sauti yake, "Ameamua kukumbuka watu!" na bila kungoja jibu akaongeza sahani. "Kaa. Majirani wamechinja wote, sisi huyu wetu tungemwachia nani?"

"Ni nani?" Haboba aliuliza.

"Ni mimi, Haboba. Binti wa vitunguu."

"Binti wa vitunguu ni mdogo hivi." Akaonyesha kimo cha mkeka na mkono. "Wewe ni mkubwa. Wewe ni wa serikari?"

Binti yake akacheka, mimi sikuweza. Nikamwekea kitabu mapajani. Akakipapasa, akafika mahali ambapo jalada lingekuwa, akakuta uzi umeachia. Mkono ukatulia.

"Ire ya kulia," akasema.

Baada ya kula nikamsomea. Nilisoma taratibu, kidole kikifuata mstari kama chake. Nilipofika kwenye neno lile nilijiandaa. Nililitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Karamu ilianza jua—"

"Kalamu," akanisahihisha. "Soma vizuri."

Nikajaribu tena. "Karamu."

"Ndiyo. Kalamu."

"Haboba, hiyo kalamu ni ipi? Ya kuandikia?"

"Ya kuandikia ni kalamu."

"Na hii?"

"Hii ni kalamu."

"Ni kitu kimoja?"

"Kimoja vipi? Wewe unaandika na kuku?" Akageukia upande aliodhani binti yake yuko. "Watu wa digiri hawa! Amekula kalamu yote, sasa anauliza kalamu ni nini."

Binti yake alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Nikacheka pia, kisha nikaona sicheki tena, na kwa kuwa Haboba hakuona, nilijifuta kwa kiganja. Sikumweleza. Ningemwelezaje? Hakuwa amekosea chochote. Kinywani mwake mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana, na aliyeyagombanisha ni mimi. Tangu hapo nikasoma kwa matamshi yake. Nilimsomea kalamu, nikamsomea theruji, nikamsomea mlango na kiti. Kabla sijafika asubuhi ya hadithi alikuwa ameshalala, kidevu kifuani. Haikuwahi kutokea. Miaka yote ile tulikuwa tunafika mwisho pamoja.

Niliumaliza mwisho peke yangu, kwa kunong'ona. Mwenye nyumba alifungua mlango ili afagie kizingiti. Sikulia. Nilitazama tu mkono wa Haboba juu ya ukurasa, na sikutaka kuuondoa ili nifunge kitabu. Nikakiacha pale.

Binti yake alinisindikiza mpaka kibanda cha mkaa. Jua lilikuwa limelegea. Bukoto kulikuwa kunaningojea na kamba zake, na makufuli, na simu isiyolia, na nilijua usiku huo hakuna atakayeuliza kama nimefika.

"Iddi utakuja," akasema.

Nikasikia mashine ya kichwani ikianza kuzunguka. Ni swali au ni taarifa? Na kama ni swali, analiuliza kwa—

"Iddi ni siku gani?" nikauliza, nipate cha kushika.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani anajua? Mwezi ukionekana."

Hakuna siku wala saa, na hakuna aliyeandika popote. Treni nyingine ilikuwa inakuja, inapiga honi kwa mbali, na kama ningengoja kidogo tu ingepita katikati ya maneno yetu na kuniokoa.

"Nitakuja," nikasema, kabla haijafika.

Naye alikwisha kugeuka, anarudi kuosha vyombo. Akainua mkono mmoja bila kutazama nyuma, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.